Ndoo Iliyokaa kwa Daktari

Niseme mapema ili msomaji asinihurumie bure: tangi langu la kwanza halikuuawa na kupotea kwa stima. Stima ilipotea, ndiyo, tangu Jumamosi saa nne asubuhi hadi Jumapili jioni, baada ya mti kuangukia nyaya upande wa juu wa mtaa wetu hapa Kiamunyi. Lakini jirani yangu alikuwa na umeme wa jua wa kutosha na kubaki, na kilichotutenganisha ni ua wa kayaba, vichaka vya miiba, unaonifikia kifuani. Samaki wangu waliuawa na wivu, na wivu huo ulikuwa wangu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Pwani, na niliporudi bara nilirudi na ugonjwa wa kutazama samaki wa baharini. Miaka mingi baadaye nikaunda tangi dogo sebuleni, lita mia moja hivi. Ndani yake niliweka mawe, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na tumbawe moja lililoniteka. Wasiolijua tumbawe hudhani ni jiwe, kumbe ni mnyama. Langu lilikuwa na matawi, na kila tawi lilitoa vidole laini vya kijani vyenye ncha za zambarau, vikicheza majini mchana kutwa. Maji yenyewe niliyatengeneza kwa mkono. Ya mfereji wa Nakuru, haya yaliyotupaka kahawia kwenye meno, hayafai, kwa hiyo nilikinga ya mvua, nikayachuja, kisha nikayakoroga na chumvi maalumu iliyokuja kwa basi kutoka Mombasa. Mke wangu alisema sijawahi kumpikia chai kwa uangalifu wa namna hiyo.

Kwa miaka mitatu lilikuwa tangi la pekee mtaani. Jumapili baada ya ibada watu walipitia kwetu, watoto wakabandika pua kwenye kioo, nami nikasimama kando, mikono nyuma, nikieleza. Darasani sijawahi kusikilizwa vile.

Mmoja wa waliokuja alikuwa huyo jirani. Ni daktari wa mifugo. Hushinda Subukia akitibu ng'ombe na kurudi jioni akiwa amevaa gambuti zenye matope. Sisi humwita Daktari, naye huniita Mwalimu. Alitazama sana, akauliza maswali mazuri, na baada ya miezi michache akanunua tangi lake. Lilikuwa mara tatu ya langu. Watu wa ibada wakaanza kupitia kwake. Hata siku tuliyosimama Kikopey kula nyama na walimu wenzangu, nikiwa na mfupa mkononi, mmoja akaniuliza, "Lakini wewe, umeona ile tangi ya Daktari?" Niliurudisha mfupa kwenye sinia.

Tunaofuga matumbawe tuna desturi yetu. Lako likikua, unakata tawi unampa mwenzako, ili siku ukipatwa na msiba, mbegu iwe imebaki mahali. Daktari aliposikia hivyo aliniomba tawi, nami sikupata pa kukatalia. Nikamchagulia lililokuwa upande wa kivuli, limejikunyata, halijatoa vidole kwa wiki mbili. Nilijua fika kwamba linakufa. Nikalitia katika ndoo ndogo ya mke wangu, ile nyeupe ya mafuta ya kupikia yenye kifuniko cha bluu, nikampa nikitabasamu.

"Asante sana, Mwalimu," alisema. "Hii nitaichunga kama ndama."

Ndoo haikurudi. Na kwetu chombo cha jirani hakikai, tena hakirudi kitupu. Utatia hata mayai mawili au viazi vinne, kisha unakipeleka. Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Mke wangu aliitaja kila alipokosa cha kuwekea maharagwe kwenye friji, na mimi, badala ya kumtuliza, nilichochea. Mtu ana sola juu ya paa, nilisema, na ndoo ya wenyewe inamshinda kurudisha. Kusema kweli nilifurahi kwamba hakuirudisha. Ilinipa kitu cha kumchukia nacho, kwa maana ukiondoa ndoo, yule mtu hakuwa na kosa.

Jumamosi ile mke wangu alikuwa Subukia kwa mama yake. Stima ilipopotea, pampu zilinyamaza na sebule ikawa kimya. Samaki hawa hutegemea maji yanayozunguka ili wapumue, na baridi yetu ya huku hawaiwezi. Saa nane mchana Daktari alikuja kwenye ua akiwa ameshika waya mrefu uliokunjwa.

"Mwalimu, hii stima inaonekana haitarudi leo. Wacha nikupitishie waya hapa juu ya ua. Mimi niko nayo ya kutosha."

Ningesema "leta" tu, neno moja, na haya yote yasingeandikwa. Lakini niliona Jumapili inayofuata: wageni wakisimama mbele ya tangi langu, na Daktari akieleza, kwa upole wake ule, kwamba linapumua kwa umeme wake.

"Usijali, Daktari," nilisema. "Niko na betri."

Sikuwa na betri. Nilikuwa na jagi. Niliporudi ndani nilifungua pazia na dirisha nipate mwanga na hewa, nikaanza kuchota maji na kuyamimina tena kutoka juu ili yaingie hewa. Nilichota mpaka bega likafa ganzi, nikabadilisha mkono, nikachota. Nililifunika tangi kwa blanketi kukinga baridi. Usingizi ulinishinda nikiwa kitini, na asubuhi samaki wote wawili walikuwa wamelala ubavu juu ya mchanga. Vidole vya kijani vilikuwa vimeyeyuka, vinaning'inia kama makamasi. Kufikia jioni, stima iliporudi, maji yalikuwa meupe na sebule ilinuka.

Mke wangu alirudi akanikuta nikichota uozo kwa kikombe. Alinishika bega, lile lililouma.

"Si ungeomba Daktari umeme?"

"Hakuwa nyumbani," nilisema.

Aliniamini. Alinipikia uji.

Nikajenga upya, na sijawahi kujenga kitu kwa hasira namna ile. Tangi la zamani nilimpa mtu. Nikatengenezesha jipya, refu kuliko la Daktari kwa upana wa kiganja. Nilikuwa nimepima lake kwa macho siku nilipokwenda kwake kuomba ngazi. Chini ya meza nikaweka tangi la pili la kuchujia. Nikanunua pampu mbili zinazopishana ili maji yaende na kurudi, na taa zinazoamka polepole asubuhi na kufifia jioni. Mawe niliyasugua kwa brashi nikayalowesha wiki nyingi kwenye pipa nyuma ya nyumba, nikibadilisha maji mpaka harufu ikaisha. Kisha nikajaza, nikawasha, nikangoja. Tangi jipya ni sumu mpaka vijidudu vyema viote kwenye mawe. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilitia matone ya dawa kwenye kichupa cha maji nione rangi. Njano ilimaanisha salama, kijani ngoja. Kwa wiki tano nilipata kijani.

"Na stima ikipotea tena?" mke wangu aliuliza siku moja, akifagia chini ya nyaya zangu.

Nilimfokea. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hicho, na sikukifikiria kwa sababu nilijua jibu lake liko upande wa pili wa ua.

Asubuhi ya Jumamosi moja matone yakawa njano, nikapiga kelele kumwita mke wangu aone. Siku hiyohiyo, kabla ya saa sita, Daktari alibisha. Alikuwa amevaa shati la kanisani na ameshika kwa mikono miwili ile ndoo nyeupe yenye kifuniko cha bluu.

"Mama, naomba msamaha," alimwambia mke wangu kabla ya kuniangalia mimi. "Najua nimekaa na hii ndoo mpaka ni aibu."

Mke wangu aliifungua. Ndani, majini, kulikuwa na matawi matatu, na vidole vya kijani, ncha za zambarau, vilikuwa vimeanza kuchungulia.

"Ni ile yako, Mwalimu. Ilikuja mgonjwa sana. Miezi saba haikufunguka. Nikamwambia mama watoto, hatuwezi kurudisha ndoo tupu, wacha ipone, ikue, tukate, turudishe na kitu yake." Akacheka kidogo. "Sikujua itachukua hii miaka yote. Nilikuwa nangoja tu maji yako yakomae."

Nilitafuta rohoni shukrani na nilichokuta ni wivu uleule, tena umenona. Nilimpa maiti, naye akaifufua. Mimi nilikuwa na uhodari gani?

"Pole tena na ile siku ya stima," akaendelea, akimgeukia mke wangu. "Nililetea Mwalimu waya hapo kwa ua, akaniambia ako na betri. Hizo betri nazo zinaangusha mtu."

Mke wangu alinitazama kama anavyotazama risiti ya duka yenye kosa, polepole, kutoka juu hadi chini. Alimkaribisha Daktari chai, naye akanywa, akaenda zake. Mimi na mke wangu tukayatua matawi kwenye mawe. Kisha akachukua ndoo jikoni, akaiosha, akaikausha kwa kitambaa, akatia mayai hadi juu, akafunga kile kifuniko cha bluu.

"Peleka wewe," alisema. "Na ukifika huko uongee."

Kutoka mlango wetu hadi wake ni hatua arobaini na mbili, kazi yangu ni hesabu. Nilimkuta akiosha gambuti kwenye bomba. Nilimpa ndoo, na kabla hajanishukuru nikamwambia yote, nimesimama palepale kwenye matope: kwamba siku ile sikuwa na betri, na kwamba tawi nililompa nilijua linakufa.

Alifunga bomba.

"Hiyo ya tawi niliona, Mwalimu. Mimi ni daktari." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Na hiyo ya betri nilijua. Dirisha yako ilikuwa wazi. Nilikuwa naskia jagi."

"Ulisikia?"

"Mpaka giza ikaingia. Nilisimama hapo kwa kayaba mara tatu, waya iko kwa mkono. Nikaona nikikuita tena nitakuaibisha."

Nilitazama ukutani kwake. Waya ule ulikuwa bado umening'inia kwenye msumari kando ya mlango, umekunjwa vizuri. Nikamwomba. Alichukua upande mmoja akanipa mwingine, tukaupitisha juu ya ua tukiinua mikono kukwepa miiba.

Uko pale mpaka leo, na tangi langu ni refu kuliko lake kwa upana wa kiganja. Wageni hawajui waya ule ni wa nini. Lakini mimi kila nikiutazama roho huniuma, kwa sababu kwa miaka yote ile yeye alikuwa akisikia kinachoendelea upande wangu wa ua, na mimi nikijaribu kukumbuka sauti moja tu niliyowahi kusikia kutoka upande wake, siipati.