Kuanguka kwa Ajili ya Salamu

Baba yangu hakuwahi kuangushwa na mwendo kasi. Kilichokuwa kinamwangusha ni salamu.

Miaka ya sabini aliacha baiskeli akanunua pikipiki, lakini mwili wake ulibaki na mazoea ya baiskeli. Kwetu Usukumani, ukikutana na mtu mzima njiani, humwamkii ukiwa umekaa juu ya chombo. Unashuka. Basi baba akimwona bibi anatoka kisimani, anapunguza mwendo, anarusha mguu kabla pikipiki haijasimama, na lile lichuma linamlalia. Mimi binti yake nilikuwa nyuma, kwa hiyo tulianguka wote, taratibu, kwenye udongo mweusi wa Kishapu.

"Mwangaluka, mayu," anaamkia kwa Kisukuma, yuko chini, mguu umebanwa. Bibi anaitikia, kisha anauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe. Baba anajibu zote, ndipo anaomba anyanyuliwe.

Mama aligomba, akachoka kukanda miguu yetu. Mwishowe baba akajifunza kuweka stendi kwanza, halafu ndiyo ashuke. Kupita bila kushuka, hilo hakujifunza mpaka anakufa.

Sasa mimi ndiye bibi, nakaa kando ya barabara ileile. Vijana wa bodaboda wananipita wananipigia honi, eti ndiyo shikamoo hiyo! Wanaendesha vizuri, sikatai. Hajawahi kuanguka hata mmoja mbele yangu.