Tairi la Nyuma

Barabarani tairi la nyuma la pikipiki yangu lilikuwa linadumu miezi mingi. Tulipoanza kushindana kila Jumapili kwenye uwanja wa changarawe nje ya Malangali, likawa linaisha baada ya Jumapili chache tu, tena upande wa kushoto, kwa sababu kona zote tulizikata kushoto.

Jumapili moja, kabla ya mashindano, nilimwomba kaka yangu anikagulie. Nilikuwa nimeshamshinda mara nyingi mbele ya mchumba wake. Aliinama, akalipapasa tairi, akasema, "Liko poa. Leo litavumilia."

Kwenye kona ya pili likapasuka. Pikipiki ikaniangukia mguuni na mfupa ukavunjika. Watazamaji walicheka, wakidhani natania. Kaka alikuja akitembea taratibu. Nililitazama lile tairi, nikaona nyuzi zimetokeza.

"Kaka, hukuziona hizi?"

"Niliziona," akajibu. "Nilitaka uanguke kidogo."

Jumapili iliyofuata nilikuwa kitandani, mguu umefungwa hogo la plasta. Kaka akaifungia pikipiki yangu tairi jipya, akaenda kushindana nayo, akashinda. Mama, ambaye nilikuwa nimemweleza yote, akamchinjia kuku.