Msumari wa Deputé

Sikufika mbali na masomo. Nilianza kwa kusukuma baiskeli yenye madumu ya mawese kutoka Lusangi hadi Kasongo, na leo niko na lori. Sikupewa na mutu. Naandika hivi ili mujue ni nani aliyemuuliza deputé, mbunge wetu, siku ile.

Zamani, nilipotoka kwenye baiskeli nikapata pikipiki, chama chetu cha wenye pikipiki kilinituma Dubai kununua vipuri. Niliporudi, kabla ya kuonja ugali wa mke wangu, nilienda kwenye hangari yetu ya mikutano nikatundika karatasi zote za malipo mlangoni kwa misumari: ya ndege, ya hoteli, hata ya chai. Kwetu mtu aliyetumwa hutoa habari ya safari kwanza, ndipo ale. Wenzangu walicheka ile ya chai. Hakuna aliyenishuku.

Mwaka huu deputé wetu alikuja likizo ya bunge, akatukusanya hangarini humo humo. Wakati huo lori langu lilikuwa na kazi moja tu, nayo ni yake: kubeba simenti ya nyumba anayojenga Kasongo. Akasema amekwenda Ulaya mara tatu "kwa ajili yenu." Watu wakapiga makofi. Mimi nikasimama.

"Mheshimiwa, nikipeleka chumvi Salamabila, kila barière ya barabarani askari wananiomba karatasi: natoka wapi, naenda wapi, nani alinituma. Yako iko wapi? Ulienda na nani, mulilala wapi, nani alilipa? Safiri hata mwezini, sikukatazi. Lakini mutu wa chumvi iko na sheria, wa ndege hana?"

Jirani yangu akanivuta koti. "Papa, kaa! Simenti yako!"

"Simenti ni yake. Mdomo ni wangu."

Deputé akacheka kwa meno tu. "Mzee, hayo ni mambo ya serikali. Njoo kwangu kesho, tuongee kama ndugu."

"Swali limepita mbele ya watu. Jibu lipite njia ile ile."

Mama mmoja muuza samaki wa Nyangwe akapaza sauti kutoka nyuma: "Hata ya chai utuonyeshe!" Hangari nzima ikacheka. Deputé akainuka, akaenda zake.

Asubuhi dereva wake alikuja kuniambia simenti itabebwa na mwingine. Lori likakaa uani majuma mengi, kuku wakataga chini yake.

"Baba watoto," mke wangu akaniuliza, "kiburi kinabeba mizigo?"

"Kinabeba," nikamjibu, ingawa siku hiyo hakikuwa kimebeba hata gunia.

Sasa nabeba mihogo. Inalipa kidogo, lakini ninapita barabarani kichwa juu. Na nilirudi hangarini na nyundo. Karatasi zangu za Dubai zimepauka, ila zinasomeka. Kando yazo nilipigilia msumari mpya, mrefu, nikaandika juu kwa makaa: SAFARI ZA DEPUTÉ.

Juzi mwenzetu mmoja alitundika kofia yake pale. Nikaitoa, nikamrudishia mkononi.

"Hapa pana mwenyewe," nikamwambia. "Tunamungoja."