Taa Nne, Zote Nje

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani analijua giza kuliko mwizi. Tangu tupewe kiwanja hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale nilishona kwa kibatari, sindano ikanitoboa vidole, asubuhi napenga masizi. Kwa hiyo mwaka maharage yalipokubali nikamwambia mume wangu: safari hii siombi kitenge, siombi sufuria. Nataka sola.

Nilikwenda Mbarara mwenyewe. Muuza duka alikuwa mtu wa huko huko, Kiswahili chake cha sokoni, lakini mtu wa kusikiliza. Akaniuliza, kwa heshima wanayowapa akina mama huko, "Nyabo, mkono yako nafanya kazi wapi?" Nikamwonyesha ninavyoshona. "Basi taa nakaa kushoto, mbele kidogo. Ukiweka nyuma, kichwa yako nafunika kazi yote." Nikaondoka na paneli, betri na balbu nne, na kabla gari halijafika Kaberebere nilikuwa nimeshazigawa. Moja kwenye cherehani, kushoto kama alivyosema. Moja chumbani kwa binti zetu wawili, isiwapige machoni wakilala. Moja jikoni, mbali na moshi. Na moja sebuleni, juu ya mkeka tunapolia chakula.

Hiyo ya sebuleni ndiyo niliyoitaka kuliko zote. Mume wangu hakuwahi kula na sisi jioni. Tulioana hapa hapa kambini, na tangu siku ya kwanza, jua likizama anachukua sahani yake anatoka, anakwenda kukaa pembeni mwa mahindi peke yake. Nilijua wazazi wake waliuawa kule kwetu Kivu, zaidi ya hapo hakusema, nami sikumchokonoa. Nilijiambia ni moshi na kiza cha kibatari vinavyomfukuza. Nikiweka mwanga mzuri ataingia, akae na watoto wake kama wanaume wengine. Hicho tu ndicho nilichotaka.

Kesho yake nilipeleka nguo za mteja Ngarama, nikamwachia yeye kazi ya kufunga. Narudi jioni, nyumba inawaka kama duka! Balbu nne, kila moja kwenye pembe ya nje, chini ya bati. Ndani giza totoro, watoto wanapapasa ukuta.

Mimi nina mdomo, sikatai. Nilipayuka mpaka majirani wakachungulia. "Wee! Nani anashona nje usiku? Nimekwenda Mbarara kuwaangazia mbuzi?"

Aliningoja nimalize. "Mu nyumba, hapana," akasema. "Taa ya ndani inaonyesha batu."

Ndipo akanieleza taa inavyoonyesha watu. Alikuwa kijana, kule kwetu, usiku ametoka kwenda chooni. Anarudi akaona watu wamesimama kwenye migomba, kimya, wanaangalia nyumba yao. Taa ilikuwa inawaka ndani. Naye akaangalia. Akamwona mama yake anapakua, baba yake ananawa, wadogo zake wanasukumana, wote wanaonekana vizuri kabisa, na wao hawaoni kitu nje. Mmoja wa wale watu alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini. Mume wangu alilala kwenye majani pale pale, hatua chache nyuma yao. Sauti haikutoka.

Usiku ule sikugusa balbu hata moja.

Lakini sikukata tamaa. Nilimwachia balbu mbili za nje, mbili nikaziingiza, ya cherehani na ya sebuleni. Nikashona pazia zito la blanketi. Akatoka kuangalia, akarudi akasema vichwa vinaonekana kwenye pazia. Kweli, taa ya sebuleni ilikuwa nyuma yetu, inatupa vivuli vyetu dirishani. Nikaihamisha mwenyewe, nikaifunga ukuta ule ule wa dirisha, juu kabisa, ili vivuli viangukie ukuta wa ndani. Akatoka tena, akarudi, hakusema kitu. Nikachukulia amekubali. Nilifurahi mno! Siku hiyo nilipika sombe, kisamvu chetu cha mawese, nikasonga ugali, nikatandika mkeka, tukamngoja.

Hakuja. Nikatoka na hasira zangu zote, kanga kiunoni, nikamkuta kwenye mahindi, pale mwanga wa nje unapoishia.

"Baba, chakula kinapoa. Unataka nikubebe?"

"Mama, simama hapa. Angalia."

Nikasimama. Dirisha lilikuwa jeusi, hata ufa hakuna, nikataka kujisifu. Kisha nikauona mlango wetu wa mabati. Chini una mwanya, na mwanga ulikuwa unapita pale, mstari mmoja mrefu juu ya udongo. Miguu ikaukata, midogo, inakimbia. Ikaja mingine, taratibu, ya mtu aliyebeba maji. Binti zangu walikuwa wanachekeana. Hawakujua kama nje kuna watu.

"Beko bangapi?" akaniuliza, wako wangapi.

"Beko babili," nikamjibu, wawili. Wala sikuanza kuhesabu aliponiuliza. Nilikuwa nimeshahesabu. Na nilimjibu kwa sauti ya chini, mimi ambaye sijui kunong'ona.

 Nikapiga kelele kutoka pale pale: "Zimeni taa za ndani!"

"Mama, si tunakula?"

"Zimeni, nimesema! Mlete chakula huku."

Wakaja na sahani, wakijikwaa na kulalamika. Tukala wote wanne kwenye mahindi, mume wangu katikati yetu, tunaitazama nyumba yetu inavyowaka kwa nje. Yule mdogo akauliza tunamngoja nani. Baba yake akaendelea kutafuna. Nikamwambia ale tu, na apunguze sauti.