Nukta Zilizomshtaki Bi Kidawa

Naikumbuka vizuri ile asubuhi, mwanangu, nilipoingia kliniki ya watoto huku Temeke na karatasi yangu ya miraba mkononi, nikitembea kama niliyevumbua dawa ya homa. Mwingereza alikuwa bado anatutawala, nami ndio kwanza nimemaliza shule, nimeajiriwa kuandika majina ya watoto wagonjwa. Binti wa Kizaramo kushika kalamu ofisini! Kichwa kilinivimba, usiniulize.

Bwana Afya alikuwa amenifundisha kitu nikakipenda mno. Unachora mstari wa kulala na mstari wa kusimama. Ule wa kulala unapimia jambo moja, wa kusimama jambo la pili, na kila nyumba inapata nukta yake moja tu. Zikipanda pamoja kuelekea kulia, mambo hayo mawili yanafuatana. Zikiteremka, moja likizidi lingine linapungua. Zikitapakaa kama mtama uliomwagika, basi huna la kusema.

Sasa mtaani kwetu alikuwepo Bi Kidawa, mkunga na mjuzi wa mizizi, ndiye aliyenipokea mie mwenyewe nilipozaliwa. Nikapita nyumba hadi nyumba nikiuliza: Bi Kidawa kaja hapa mara ngapi tangu Ramadhani? Mtoto kaugua siku ngapi? Safari zake nikazipima mstari wa kulala, siku za ugonjwa mstari wa kusimama, nikatia nukta. Mwanangu, zilipanda kama ngazi! Alikoingia sana, watoto waliugua sana. Nikasema basi, mizizi yake ndiyo inayowaumiza.

Bwana Afya alipoiona karatasi akasema Jumatatu ataandika barua, Bi Kidawa asiingie tena nyumba yenye mtoto. Nami mdomo ukaniwasha, nikawasimulia mashoga zangu kisimani. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Siku ya pili yake kina mama walimsikia Bi Kidawa akipiga hodi, wakanyamaza ndani.

Aliyenizindua ni Mzee Pazi, dresa wetu, aliyekuwa akisafisha vidonda vya watu tangu sijazaliwa. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaiomba karatasi. Akaitazama. Hakukasirika hata kidogo. Alinionea huruma, na hilo ndilo lililoniuma.

"Binti, msiba ukiwa mkubwa, watu wanakuwa wengi au wachache?"

"Wengi, mzee."

"Sasa hao waliojaa matangani, utasema ndio waliomuua marehemu?"

Akaweka kidole kwenye nukta moja iliyokaa peke yake, juu kabisa, upande wa kushoto. "Na hii ni nyumba ya nani?"

Ilikuwa ya wageni kutoka bara, wasiomjua Bi Kidawa. Hakuwahi kukanyaga kwao, na mtoto wao ndiye aliyeugua kuliko wote. Niliipuuza nukta ile kwa kuwa iliniharibia ngazi yangu.

"Rudi ukaulize," akasema, "homa ilitangulia, au yeye ndiye aliyetangulia?"

Nikarudi, jua la utosi. Kila nyumba jibu likawa moja: mtoto alishikwa na homa, ndipo Bi Kidawa akaitwa. Homa ikikaa, naye anakwenda na kurudi. Ikiondoka, naye anapumzika. Kama mizizi ilisaidia sijui, karatasi yangu haikuuliza hilo. Lakini ugonjwa hakuuleta yeye.

Nikamwendea Bwana Afya, ingawa kazi ningeweza kuikosa. Nikasema nimekosea. Alinikaripia vya kutosha, lakini barua hakuiandika.

Kisha nikaenda kwa Bi Kidawa. Nilimkuta ukumbini anachambua mchicha, amekaa tu, hakuna aliyemwita siku tano nzima. Nikapiga magoti nikalia. Akanishika kichwa akasema, "Mwanangu, umehesabu safari zangu zote, hukuuliza nimeitwa na nani."

Wiki nzima nikatangulia mbele yake, kila mlango napiga hodi mie, natangaza kosa langu kwa sauti. Wengi walitufungulia. Wengine hawakumfungulia tena mpaka anakufa, maana maji yakimwagika hayazoleki. Mpaka leo nikipita nyumba zile naona haya.

Sikwambii uache kuchora, mwanangu. Chora. Nukta zitakuonyesha kwamba mambo mawili yanatembea pamoja; hazikwambii nani kamvuta nani, wala kama kuna wa tatu anayewavuta wote wawili. Kabla hujamtia mtu hatiani, uliza lipi lilianza. Na ile nukta iliyojitenga usiifute, nenda ukawajulie hali wenyewe, huenda ndiyo inayojua. Mwenda pole hajikwai.

Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kuuliza. Akuepushe na kumdhulumu mtu aliyekuja kukusaidia, na kama umeshamdhulumu, akupe miguu ya kwenda kumwambia angali hai. Amin.