Ngoma Haiangalii Mkono

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema mapema ili usije ukashangaa kusikia nilichomwambia yule mpiga ngoma siku ya kwanza: nilimwambia masikio yake ni pambo tu.

Shule yetu iko katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mwendo mfupi kutoka Kashojwa, na ilikuwa na vikundi viwili vya muziki. Kwaya ilikuwa yetu sisi Wakongo, wengi tumekulia kanisani, na anayeongoza kwaya tunamwita dirijan. Ngoma zilikuwa za Warundi, wavulana tu, kwa sababu kwao msichana hapigi ngoma. Mwalimu wa muziki, mzaliwa wa Mbarara, akaamua tuungane kwa wimbo mmoja tuupeleke kwenye mashindano ya shule kule Nyamitanga, mjini Mbarara. Wanafunzi wakanichagua mimi, niko senia tatu, yaani kidato cha tatu, niwaongoze wote. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Furaha yenyewe haikumaliza zoezi la kwanza. Niliinua mkono kufunga wimbo, kwaya ikanyamaza, ngoma zikaendelea. Nikainua tena. Zikaendelea, tena kwa raha zao. Ndipo likanitoka lile neno la masikio. Kiongozi wao, mvulana mrefu wa senia nne asiyependa maneno mengi, akaweka fimbo zake chini taratibu.

"Mwimbaji," akaniambia, "ngoma haiangalii mkono. Inasikiliza ngoma ya katikati."

Mwimbaji, eti. Jina la dirijan halikumtoka mdomoni hata siku moja, ingawa kwaya nzima iliniita hivyo mbele yake. Nilifungua kinywa nimjibu, mwalimu akaniwahi.

"Kwetu ng'ombe dume mbili haikai zizi moja," alisema. "Mimi nataka kiongozi moja tu. Ijumaa kama ngoma haisikii huyu msichana, mimi nabeba ngoma peke yake. Watu ya Mbarara wanapenda ngoma."

Yaani kwaya ibaki. Waimbaji wote wakanigeukia. Wengine hawakuwa wametoka nje ya kambi tangu wavuke mpaka wakiwa wadogo. "Dirijan, sasa tutabakia fasi hii hii?" mmoja akaniuliza. Nilirudi nyumbani nimevimba.

Mama alikuwa anachambua maharage ya kupeleka sokoni. Yeye mwenyewe aliongoza kwaya ya akina mama kwetu Kivu ya Kusini, basi nilitegemea atanitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mu nyumba ya mutu banaingia na hodi," akasema. "Weye uliingia na fimbo."

Akaendelea na maharage yake. Niliudhika sana, maana nilijua anasema kweli.

Kesho yake nikawafuata wapiga ngoma nyuma ya madarasa, wanapofanyia mazoezi. Wao hupiga pekupeku, nami nikavua kandambili, nikakaa chini, nikaomba kusikiliza. Wakanitania: leo mkono umepumzika? Nikaikunja mikono mapajani. Na hapo nikaona jambo ambalo nilikuwa nimeliona mara nyingi bila kulitilia maanani. Hawaanzi na fimbo. Mmoja anaita kwa sauti, wenzake wanamjibu kwa sauti, ndipo ngoma ya katikati, ya yule kiongozi, inaingia na nyingine zinaifuata.

Walipopumzika nikamuuliza yule kiongozi, "Huyu anayeita, ni lazima awe mvulana?"

"Kupiga, ndiyo. Kuita, sijui. Hakuna aliyewahi kuuliza."

"Basi mimi nauliza. Fimbo sigusi. Wakati wa kufunga wimbo nitaita, wewe unijibu, wenzako wakufuate wewe."

Hakusema ndiyo. Alisema tu nisimame karibu na ngoma yake, kwa sababu nikiwa mbali hatanisikia. Tangu siku hiyo koo langu liliwaka moto kwa kuita. Mama alinichemshia tangawizi, akacheka kwamba nimeshahamia Burundi. Ijumaa nilipoita, ngoma na kwaya zikanyamaza kwa pamoja, na mwalimu akakuna kichwa. "Kumbe inawezekana," alisema. "Twende wote."

Nyamitanga ukumbi ulikuwa umejaa. Sakafuni, mbele kabisa, walikuwa wamechora alama ya chaki. Jaji, mama mmoja wa miwani, akaninyooshea kalamu, akaniita bibie kwa lugha ya kwao. "Nyabo, kiongozi nasimama pale, mbele ya watu yake."

Mwalimu alikuwa ametuonya kwamba asiyesimama kwenye alama anakatwa maksi. Niliupima umbali ule kwa macho. Kutoka pale sauti yangu ingemfikia jaji vizuri sana, lakini ngoma ya katikati isingeisikia. Mwalimu akanionyesha alama kwa kidevu. Kichwa changu kigumu mama anasema nilizaliwa nacho.

"Asante, mama," nikasema. "Mimi naongozea hapa hapa."

Akaandika kitu. Tukaimba. Mwanzo siukumbuki. Nakumbuka mwisho, nilivyovuta pumzi nikaita, na yule mvulana, bila kunitazama, akanijibu kwa ngoma yake. Fimbo zote zikatua. Kabla ya makofi nilisikia boda boda inapita nje.

Tulikuwa wa pili. Jaji alieleza mbele ya watu wote: kwa sauti na ngoma hakuna aliyetufikia, lakini kiongozi hakusimama mahali pake, kwa hiyo tumekatwa maksi. Kombe likaenda kwa shule moja ya Kakoba. Mahali niliposimama sikupajutia, ila niliumia kwa ajili ya wenzangu, na nilijua wapiga ngoma watanisema njia nzima mpaka Nakivale.

Kisha jaji akamwita kiongozi wetu achukue cheti. Mwalimu, labda kwa kunionea huruma, akamwashiria yule mvulana mrefu aende. Hakuinuka. Alikuwa anafuta vumbi kwenye ngoma yake kwa pindo la nguo. Akanigusa bega kwa ncha ya fimbo.

"Dirijan," alisema, "unaitwa."