Kiraka Chini ya Jipu

Kiraka alichochomelea mwanangu chini ya gari lake la jipu kilikuwa kibaya. Naanza na hilo kwa sababu nilipaswa kulisema siku ile ile, nikalinyamazia kwa miezi saba.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Niliacha shule darasa la sita huko Bukavu, kazi nikajifunza kwa kuangalia, na tangu turudi Rwanda nimekuwa nikitengeneza milango na madirisha hapa Kamembe. Chuma nakijua. Siwezi kusema sikuelewa nilichokiona.

Jipu lilikuwa la mwanangu wa kwanza. Alilikuta Bukavu kwenye ua wa mtu aliyeligeuza banda la kuku, akalileta mpaka nyumbani likivutwa kwa mnyororo. Kutu ilikuwa imekula milango na sakafu. Ukikaa kwenye kiti cha dereva uliona udongo kati ya miguu yako. Mama yake alilizunguka mara moja, akauliza, “Na kuku zake umeziacha wapi?”

Mwanangu alisema analitengeneza kwa ajili ya mdogo wake wa kike, ambaye alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza shule. Liwe gari lake la kwanza.

Siku aliyochomelea kiraka, mimi nilikuwa Gikundamvura nikifunga milango ya nyumba ya mtu. Alilala chini ya jipu peke yake, upande wa kushoto nyuma, pale springi inaposhikwa kwenye shasi. Mahali hapo ndipo hubeba kila kitu. Pakikatika gari likiwa linakwenda, ekseli inateleza na gari linaelekea linakotaka lenyewe.

Niliporudi jioni niliingia chini na tochi. Juu, mshono ulikuwa mzuri, umepangika. Lakini hakuwa amekwangua kutu mpaka chuma kikaonekana cheupe. Alikuwa ameweka bati jipya juu ya kutu, likakaa juu tu kama utando wa maziwa.

“Papa, iko sawa?” aliniuliza. Alikuwa ananawa mikono kwenye beseni, amefurahi.

Nilikuwa nimechoka. “Tutaangalia kesho,” nikamwambia.

Kesho yake aliamka na homa. Siku ya tano tulimzika.

Kwetu, siku ya kutoa kilio watu hukusanyika, wakanywa kidogo, na vitu vya marehemu vinagawiwa mbele ya wote. Koti lake lilikwenda kwa mjomba wake. Nyundo na koleo zake zilirudi kwangu. Nikasimama nikasema jipu ni la mdogo wake, kama alivyotaka mwenyewe, na litaingia barabarani siku binti atakapopata permi, leseni ya kuendesha. Neno linalosemwa siku hiyo halirudishwi.

Ndipo mke wangu akasema, naye mbele ya watu, “Lakini kazi ya mutoto usiitoe. Pale aligusa, uache vile.”

Watu wakaitikia. Mimi niliinamisha kichwa, wakadhani nimekubali. Na kweli nilikuwa nimekubali.

Nilifanya kazi kila Jumamosi na kila jioni yenye mwanga. Nilikata sakafu yote nikaweka nyingine. Nilibadilisha mabomba ya breki, nikachomelea bawaba za milango. Binti yangu alikwangua kutu kwa msasa mpaka kucha zake zikawa nyekundu, na mdomo wake haukupumzika.

“Papa, hii gari itatoka hapa uani nikiwa na bajukuu.”

“Kwangua.”

“Nitabaambia: bajukuu, huyu babu yenu alianza hii kazi nikiwa musichana.”

Nilicheka, na huo ulikuwa mwaka ambao sikucheka mara nyingi.

Kiraka sikukigusa. Kila nilipolala chini ya jipu nilikiona, na kila mara nilitafuta kazi upande wa kulia. Mwisho nilikipaka lami nyeusi, ile ya kuzuia kutu. Nilikipaka mara mbili. Nilijiambia ni kwa ajili ya kutu. Nilijiambia pia kwamba barabara zetu ni za lami, na gari lenyewe halitabeba mzigo.

Binti alipopata permi nilimwita jirani aje kupaka rangi. Ni fundi wa kunyoosha bati, Mwislamu wa hapa hapa Kamembe, na tumefanya kazi pamoja miaka mingi. Kabla ya kufungua rangi aliingia chini kuangalia. Nikasikia nyundo yake ndogo. Kwenye shasi ya kulia ilitoa sauti ya kengele. Kushoto ilitoa sauti ya boksi.

Alitoka chini taratibu, akafuta mikono.

“Mzee, tangu lini umekuwa mupaka dawa ya viatu?”

“Ni lami ya kutu.”

“Nimeona. Umeipaka nzito sana. Muntu anapaka nzito hivi akiwa na kitu chini.”

“Acha hapo,” nikasema. “Ni kazi ya marehemu.”

Alimpenda mwanangu. Akachukua brashi, akaikoroga kwenye kopo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Weye ndiye fundi wa kuchomelea. Miye ni wa bati tu,” akasema. “Lakini mutoto wangu singemutia humu. Wako, ni wako.”

Akapaka rangi ya kijani. Binti yangu alipoliona alilizunguka mara tatu bila kusema neno, jambo ambalo si kawaida yake.

Safari ya kwanza ilipangwa Jumapili, baada ya kanisa. Mama yake alitaka kwenda Gitambi kumwonyesha mama yake mzazi gari la mjukuu. Alikaa nyuma na kikapu cha mkate na sukari. Mimi nilikaa mbele kulia, binti kwenye usukani. Ningeweza kusema pale uani. Mdomo ulikuwa wangu. Niliangalia tu binti anavyorekebisha kioo, nikafunga mlango.

Kwenye tambarare aliendesha vizuri. Watu waliotoka kanisani walimwangalia, naye akajifanya hawaoni. Mimi sikuangalia barabara. Nilikuwa nasikiliza nyuma kushoto.

“Papa, juu ya nini unashika mulango hivyo? Niko naenda polepole.”

“Endelea.”

“Anaogopa,” mama yake akasema nyuma, kwa utani. “Yeye mwenyewe alijifunza kuendesha na lori ya ng’ombe. Ng’ombe ndio walimufundisha.”

Tukapita Nyakarenzo. Baada ya hapo barabara inashuka kwa kona. Kwenye kona ya kwanza alikanyaga breki, na nikasikia. Tk. Sauti ndogo, kama mtu anayevunja kijiti. Kona ya pili: tk. Mke wangu alikuwa anaongea kuhusu maharage ya mama yake. Mbele yetu mwanamke alikuwa anapanda na mtoto mgongoni, na baiskeli mbili za ndizi zilisukumwa nyuma yake.

“Papa,” binti akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. “Iko inavuta kushoto.”

“Shika usukani imara. Usikanyage breki kwa nguvu. Rudisha gia ya pili. Sasa ya kwanza.”

“Inavuta, Papa.”

“Najua. Peleka kulia, ku mufereji. Polepole. Acha ikwaruze.”

Tairi za kulia ziliingia kwenye mfereji, ubavu ukasugua ukingo wa udongo, na jipu likasimama hatua kumi hivi kabla ya mwanamke yule. Alituangalia, akampandisha mtoto mgongoni, akapita.

Niliweka mawe kwenye tairi, nikaingia chini. Lami ilikuwa imepasuka, na ndani ya ufa kutu ilionekana ya kahawia, mbichi. Kucha yangu iliingia yote. Ekseli ilikuwa imesogea upana wa vidole viwili.

Nilipotoka walikuwa wamesimama kando ya barabara, kikapu kati yao.

“Ni nini?” mke wangu akauliza.

“Ni kiraka. Hakikushika. Aliweka juu ya kutu.”

“Umejua sasa?”

“Nilijua siku ile alikiweka.”

Alikaa chini juu ya ukingo. Hakulia. Binti yangu ndiye aliyesema, na hakupandisha sauti.

“Na ukanipa usukani.”

Nilikuwa nimeogopa kukata mshono wa marehemu kuliko nilivyoogopa kumpoteza aliye hai. Nikiandika hivi naona haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Lori la mchanga lilituvuta mpaka nyumbani. Wao walipanda pikipiki.

Kesho yake asubuhi nilikata kiraka. Mke wangu alisimama karibu muda wote, amefunika macho kwa kiganja kwa ajili ya cheche. Bati lilipoanguka aliliokota kwa kitambaa kwa sababu lilikuwa moto. Nilidhani atalitunza. Aliligeuza, akaangalia upande wa nyuma, ile kutu yote aliyoifunika mwanetu. Aliangalia sana.

“Hukumuonyesha,” akasema.

“Nilitaka kumuonyesha kesho yake.”

Akaliweka chini kwenye vyuma vingine, akaingia ndani. Hatujalizungumza tena.

Nilikata shasi mpaka nikafika kwenye chuma kizima, nikakwangua kikawa cheupe, nikaweka chuma kinene, nikachomelea pande zote mbili. Binti alikuja nilipomaliza. Nilimwambia asubiri chuma kipoe, kisha apande tujaribu uani. Hakupanda. Alinyoosha mkono.

“Nipe nyundo.”

Nilimpa ile ndogo ya kaka yake. Alilala chini, akagonga kulia, akagonga kushoto, akarudia. Nilimfundisha pale pale, nikiwa nimechuchumaa: sauti ya chuma kilichoshika, na ya chuma kilichokaa juu tu. Mafunzo hayo nilipaswa kuyatoa mapema zaidi, kwa mtu mwingine. Chuma kipya sikukipaka lami mpaka aliponiambia nipake.

Sasa analiendesha kila siku kwenda masomoni. Nyundo inakaa chini ya kiti. Kila Jumatatu kabla ya kuwasha, anatandika gunia, anaingia chini, anagonga pande zote mbili. Zamani angeniuliza, “Papa, iko sawa?” Siku hizi haniulizi. Mimi husimama mlangoni na kikombe changu, nasikiliza naye, mpaka zisikike kengele mbili.